Mguu, Kabari na Jiliwa: Historia Fupi ya Kushika Mti

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wasomaji watakuta hesabu za kahawa na pamba, habari za mikutano, na majina ya vyama vya msingi vilivyojiunga. Hizo ni habari za mazao, nazo zastahili kutangulia. Lakini jembe lililolima shamba la kahawa lina mpini, na mpini huo ulichongwa na mtu. Tena, wakati ulipokuwa ukichongwa, kulikuwa na kitu kilichoushika mti usiponyoke. Makala haya yahusu kitu hicho. Yataeleza namna mafundi wa nchi za Ngara na Biharamulo walivyoushika mti tangu zamani, namna watu wa nchi nyingine walivyoushika, na kwa nini jambo hili lawahusu wanachama wa ushirika leo.

Msomaji aweza kudhani kwamba ni jambo dogo. Basi na ajaribu kuchonga mwiko, mkono mmoja ukiwa na kisu na wa pili ukishika mti. Ataona upesi kwamba nusu ya nguvu zake na nusu ya akili zake zimo katika kushika, wala si katika kuchonga. Fundi mwenye mikono miwili iliyo huru hufanya kazi ambayo fundi mwenye mkono mmoja hawezi kuifanya, hata akiwa hodari namna gani. Kwa hiyo historia ya uchongaji ni historia ya tezo na patasi, na pia ni historia ya vitu vilivyoukomboa mkono wa pili.

MGUU, UZITO NA KABARI

Kazi za mchongaji katika wilaya zetu zajulikana na kila mtu: vinu na michi, vigoda, mipini ya majembe na mashoka, miiko, ngoma, na ile mitumbwi mikubwa ya kukamulia ndizi za pombe. Vitu hivi vyote vyatoka katika gogo moja moja, bila msumari wala gundi. Ukitazama jinsi vinavyochongwa, utaona njia tatu za kushika.

Njia ya kwanza ni uzito wa mti wenyewe. Mtumbwi wa ndizi huchongwa pale pale ulipoangukia mti, ama karibu yake, na gogo halihitaji kushikwa na mtu kwa kuwa ni zito kuliko mtu. Kinu nacho, katika hatua zake za kwanza, hujishika chenyewe. Njia ya pili ni mguu. Kitu kilichokwisha kupungua uzito, kama kigoda, hubanwa kati ya magoti, ama hukanyagwa kwa wayo, ama huegemezwa juu ya gogo jingine na kuzuiwa kwa vidole vya mguu. Njia ya tatu ni mkono, nayo ni ya vitu vidogo kama miiko.

Pamoja na njia hizo tatu kuna msaidizi mmoja wa kale asiyegharimu kitu, naye ni kabari. Gogo lililokatwa pengo, kisha mti ukatiwa katika pengo hilo na kukazwa kwa kabari iliyogongwa, hushika kwa nguvu nyingi. Kabari ni mteremko mdogo unaosukumwa. Nyundo huipeleka mbele kwa urefu wa kidole, nayo husukuma kando kwa upana wa ukucha tu. Na kile kinachopungua katika mwendo huongezeka katika nguvu.

Wengine wamesema kwamba wazee wetu walitumia mguu kwa sababu hawakujua njia nyingine. Maneno hayo si ya haki. Katika nchi hizi hizi waliishi mafundi waliojua vizuri kushika kwa chombo. Warongo, wafua chuma mashuhuri wa Buzinza, walikuwa na koleo, kwa sababu hakuna mguu uwezao kushika chuma kilichotoka motoni. Moto ndio uliomlazimisha mhunzi atafute taya za chuma. Mchongaji hakulazimishwa hivyo. Mti hauunguzi, na mchongaji aghalabu huuchonga ukiwa bado mbichi na laini, kisha huuacha ukauke polepole kivulini usije ukapasuka. Isitoshe, mguu una sifa moja ambayo chombo chochote cha chuma hukosa: huhisi. Mti ukitaka kuteleza, wayo hujua kabla ya jicho. Na baada ya kila mapigo mawili au matatu mchongaji huugeuza mti kidogo kwa vidole, tezo ipate kukata kwa kufuata nyuzi za mti badala ya kuzipinga, naye hufanya hivyo bila kusimamisha kazi.

Lakini gharama yake yaonekana. Tezo hupigwa kuelekea mwilini, na penye kosa moja la tezo ndipo penye muundi wa mguu. Mgongo uliopinda mchana kutwa huchoka kabla ya mikono. Tena kuna gharama ya tatu, isiyosemwa sana: mguu hauwezi kushika kitu chembamba wala kifupi kwa uthabiti. Kipande cha ubao chenye upana wa vidole vitatu hakikanyagiki huku kikichongwa tundu la pembe nne katikati yake. Kwa hiyo mchongaji hupenda gogo kubwa, hata pale ambapo kitu anachokitengeneza ni kidogo. Jambo hili tutalirudia.

PARAFUJO NA NCHI ZA MBALI

Mataifa yote yalianza kama sisi. Katika kaburi la Rekhmire, aliyekuwa waziri wa mfalme wa Misri zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Kristo, zimo picha za maseremala wakiwa kazini. Mmoja wao apasua ubao kwa msumeno, na ubao huo umesimamishwa wima na kufungwa kwa kamba kwenye nguzo. Kamba na nguzo ndizo zilizokuwa mkono wake wa pili. Warumi nao walitumia benchi fupi lenye miguu iliyochomekwa. Benchi moja la namna hiyo lilipatikana katika kisima cha ngome yao ya Saalburg, katika nchi ambayo sasa ni Ujerumani.

Badiliko kubwa lilikuja wakati parafujo ilipotiwa katika benchi la seremala. Kitabu cha michoro cha Martin Löffelholz wa Nürnberg, cha mwaka 1505, chaonyesha benchi lenye taya zinazokazwa kwa parafujo ya mti. Kuanzia mwaka 1769 Mfaransa André Roubo alitoa kitabu chake kikubwa juu ya kazi ya useremala, na humo akachora benchi zito lenye kibanio mbele yake, ambalo mafundi wa nchi nyingi huliiga hata leo. Kisha, karibu na mwaka 1800, Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kukatia parafujo za chuma kwa usahihi, na tangu hapo ikawezekana kutengeneza jiliwa la chuma kwa wingi. Hilo jiliwa ndilo ambalo mafundi wetu wengi huliita vaisi.

Nguvu ya jiliwa si uganga. Parafujo ni kabari iliyozungushwa kwenye fimbo. Tuchukue mfano: mpini wa jiliwa una urefu wa sentimita 15 kutoka katikati, na kila mzunguko mmoja husogeza taya milimita 6. Mkono wa fundi husafiri sentimita 94 hivi ili taya isogee milimita 6 tu, yaani mkono hutembea mara 157 zaidi ya taya. Kama hakungekuwa na msuguano, nguvu ya mkono ingeongezeka mara 157. Msuguano hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Hata hivyo msuguano huo huo una faida, maana ndio unaozuia parafujo isijifungue yenyewe fundi anapoondoa mkono. Kinachobaki chatosha kabisa kuushika mti kuliko magoti ya mtu mwenye nguvu.

JILIWA LAFIKA KATIKA NCHI ZA ZIWA

Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma lao la Biharamulo ambalo kuta zake zasimama hata leo. Boma na kanisa ni majengo yanayohitaji milango ya fremu, madirisha, meza na viti vya kuunga. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa tezo na mguu. Ulimi wa ubao mmoja lazima uingie katika tundu la ubao wa pili bila kulegea, na ili tundu hilo lichongwe sawasawa ni lazima ubao ushikwe kwa uthabiti. Hivyo, pamoja na randa na msumeno, likaja benchi, na katika benchi likaja jiliwa.

Tangu hapo kazi ya mti katika nchi hizi ikagawanyika sehemu mbili. Upande mmoja akawako seremala: hufanya kazi akiwa amesimama, ana benchi, hupima kwa futi, hulipwa na serikali, misheni au mwenye duka. Upande wa pili akabaki mchongaji: hukaa chini, ana tezo, hupima kwa jicho na shubiri, huuza kinu chake sokoni au hukibadilisha kwa ndizi. Watu walizoea kusema kwamba tofauti yao ni elimu. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba tofauti kubwa ilikuwa namna ya kushika mti. Mchongaji hakushindwa kuelewa kiti cha kuunga; alikosa kitu cha kukishikia vipande vyake. Na kitu hicho kilikuwa cha chuma, kilitoka ng'ambo, na bei yake ilipita uwezo wa mtu mmoja anayeuza vinu.

Mwaka 1967, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, kazi za mikono zilipewa heshima mpya mashuleni. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, na mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda VETA kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Hayo yote yamesaidia. Lakini kijana aliyejifunza katika karakana yenye mabenchi, akarudi kijijini ambako hakuna hata moja, hurudi tena kwenye mguu, ama huiacha kazi.

JILIWA LINALOGEUKA

Hata hivyo isidhaniwe kwamba jiliwa la kawaida lilimaliza matatizo yote. Seremala apendaye ubao wa bapa hulifurahia. Mchongaji hulilalamikia, naye ana haki. Jiliwa hushika upande mmoja tu; kazi ya mchongaji ina pande zote. Kila akitaka kuugeuza mti yampasa kulegeza, kugeuza, kukaza tena. Na taya za chuma huacha alama kwenye kazi iliyokwisha kulainishwa, isipokuwa zimewekewa vipande vya mti laini au ngozi. Kwa ufupi, jiliwa lilimpa mchongaji mkono wa pili, likamnyang'anya ule wepesi wa kugeuza uliokuwa katika vidole vya mguu.

Mafundi wa nchi nyingine walihangaika na shida hiyo hiyo, na majibu yao yafaa yajulikane.

La kwanza ni farasi wa kuchongea, benchi ambalo fundi hulikalia kama mtu apandaye mnyama. Mbele yake kuna kichwa cha mti kilichounganishwa na kanyagio. Mguu ukisukuma, kichwa hushuka na kuubana mti. Mguu ukilegea, mti hugeuka. Chombo hiki ni cha kale huko Ulaya, na kwa mipini ya majembe hakuna kinachokishinda. Chote chatengenezwa kwa mti, na nguvu yake ni mguu ule ule wa mchongaji wetu, ila sasa mguu u mbali na makali.

La pili ni parafujo ya mchongaji. Ncha yake hupenyezwa katika kitako cha kazi, mwili wake hupita katika tundu la benchi, na nati hukazwa kwa chini. Ukilegeza nati, kazi huzunguka; ukikaza, husimama. Hakuna taya zinazoigusa, kwa hiyo pande zote zi wazi.

La tatu lilitoka Marekani. Mwaka 1891 Joseph Emmert wa Waynesboro, katika jimbo la Pennsylvania, alipata hataza ya jiliwa lenye uwezo wa kugeuka upande na kulala, lililokusudiwa mafundi wanaochonga vielelezo vya mti vya kumiminia chuma. Baadaye vikatengenezwa vishikizo vyenye tufe la chuma ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja ulivyo ndani ya nyonga. Tufe hugeuka kila upande, kisha hukazwa kwa mpini mmoja. Hapo mchongaji alirudishiwa kile alichokuwa nacho tangu mwanzo, uwezo wa kuugeuza mti apendavyo, pamoja na mikono miwili iliyo huru na mguu ulio salama.

WACHONGAJI WALIOUNGANA

Chombo kizuri hakitoshi ikiwa mwenye kukihitaji hawezi kukinunua, na hapa ndipo uchongaji unapokutana na ushirika. Yafaa kutazama mfano wa jirani zetu wa Kenya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Mkamba mmoja wa Wamunyu, jina lake Mutisya Munge, alifika Tanganyika katika utumishi wa vita, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga vinyago vya kuuza. Aliporudi kwao ufundi huo ukaenea, hata maelfu ya Wakamba wakapata riziki kwa tezo. Mwanzoni kila mmoja alihangaika peke yake kutafuta magogo na kutafuta wanunuzi. Mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe, Mombasa, wakaunda chama chao cha ushirika. Kila mchongaji aliendelea kufanya kazi yake kwa mikono yake mwenyewe na kwa namna yake mwenyewe. Mahali pa kazi na soko ndivyo vilivyokuwa vya pamoja.

Nao Wamakonde, ambao sanaa yao ya mpingo ilipata sifa ulimwenguni tangu miaka ya 1950, wengi wao wameendelea kukaa chini na kushika gogo kwa miguu hata katika soko la Mwenge, Dar es Salaam. Twawataja makusudi, ili mtu asiseme kwamba mguu ni aibu. Kazi zilizoshikwa kwa mguu zimo katika majumba ya makumbusho. Mguu haujamzuia mchongaji kuwa msanii. Umemzuia kuunga vipande vidogo kuwa kitu kikubwa, na katika wilaya zetu hilo ndilo jambo lenye uzito leo.

MITI YETU NA MIZANI YETU

Tulisema kwamba mguu hupenda gogo kubwa. Zamani magogo yalikuwako. Kisha, tangu tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, wakikimbia maafa ya Rwanda. Wengine wakafuata, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Wenyeji waliwapokea. Lakini watu hao walipaswa kupika na kujenga, na kwa miaka miwili na zaidi, hata kambi za Wanyarwanda zilipofungwa mwishoni mwa 1996, miti ya maeneo hayo ilikatwa kwa wingi. Upande wa Biharamulo mninga nao umetafutwa sana na wapasuaji wa mbao. Mti unaopatikana kwa urahisi sasa ni ule uliopandwa na mkulima mwenyewe, kama mgrevilea wa kivuli shambani, nao aghalabu ni mwembamba.

Mgrevilea mwembamba hautoi kinu. Watoa kigoda cha kuunga, kiti, sanduku, fremu ya chaga za kuanikia kahawa na mpini wa reki ya kugeuzia kahawa juani. Kazi zote hizo zawezekana kwa fundi mwenye kushika vipande vidogo kwa uthabiti. Kwa hiyo kabari na jiliwa vyaweza kuokoa miti mikubwa michache iliyosalia, ikabaki kwa vinu na ngoma, vitu visivyoweza kuungwa.

Wazee waliokuwako katika siku za kwanza za ushirika walielewa hoja ya namna hii. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitoka mwaka 1932. Mwaka 1936 wakulima wa kahawa wa Bugufi walikuwa tayari na chama chao kilichoandikishwa. Na Bukoba ikapata Chama Kikuu mwaka 1950. Serikali ilivivunja vyama vikuu mwaka 1976, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Katika safari hiyo yote, swali la mkulima lilikuwa moja: mizani ni ya nani? Maana palipokuwa na mizani ya mnunuzi peke yake, kilo ilikuwa vile mnunuzi alivyotaka. Wakulima hawakuungana kwa sababu hawakujua kulima. Waliungana kwa sababu kulikuwa na chombo kimoja ambacho mmoja mmoja hakuweza kukipata.

Jiliwa ni chombo cha namna hiyo hiyo. Chama cha msingi chenye ghala chaweza kuwa na benchi moja zito mlangoni mwake, lenye jiliwa la chuma, na kando yake farasi wa kuchongea aliyetengenezwa na fundi wa kijiji. Mwanachama aliyevunja mpini katikati ya msimu atautengeneza hapo. Mchongaji atafanya hapo kazi asizoweza kufanya nyumbani, akilipa ada ndogo itakayonunua mafuta ya parafujo na vipande vipya vya taya. Yapasa kuwe na daftari na mtu mmoja mwenye dhamana, kwani chombo cha wote kisichokuwa na mwangalizi hupotea upesi. Benchi lenyewe lafungwa chini kwa nanga ya saruji. Nalo halihitaji umeme.

Katika miaka kumi ya kwanza Chama Kikuu chetu kimejishughulisha na mazao, na ilikuwa sawa kufanya hivyo. Wajumbe watakaokutana kupanga miaka kumi ijayo watakuwa na mambo mengi mezani. Twawaomba watie na hili katika orodha ya mazungumzo, na siku hiyo wamwite mchongaji mmoja wa Ngara na mmoja wa Biharamulo, waje na tezo zao, waseme wenyewe ni kitu gani kinachowashikia mti.